Kijiti cha Mguu wa Kyalo

Kyalo mwanangu,

Salamu sina za kukupa. Asubuhi tumekunywa chai meza moja na nikakukaripia kwa ajili ya taulo ulilolitupa kitandani likiwa majimaji. Afya yangu unaijua na yako naijua. Hayo ya "ni matumaini yangu barua hii itakukuta salama" tuwaachie watoto wa shule.

Umetoka kwenda Ziwani kuwaaga wenzako na umesema utarudi tule pamoja. Jua bado liko kwenye ukuta wa jirani. Nimekaa kwenye cherehani, pazia la mtu liko mapajani, na badala ya kushona naandika. Mama yangu, Susu yako, amesinzia kwenye kiti chake pale mlangoni, leso imemteleza begani. Nikimaliza ukurasa nitainuka nimfunike.

Sitakuambia mambo ya paspoti, wala ya kuvaa sweta ndani ya ndege, wala uweke unga kiasi gani kwenye mkoba. Shangazi zako wamekwisha kukujaza masikio na baba yako atakupigia simu akiwa barabarani na lori lake akurudilie yote upya. Mimi nataka kurudi pale tulipogombana leo mchana.

Ulisema, "Mathe, kesho kabla sijatoka nitakaa chini na Susu nimwelezee. Polepole tu. Naenda Doha, ni kazi, ni miaka miwili halafu narudi."

Nikasema, "Usimwelezee kitu."

"Ai, kwani nitoke kama mwizi? Susu ndiye amenilea, wewe ukiwa kwa mashine. Mimi siwezi kumdanganya."

"Nimesema hapana, Kyalo."

Nilisema kwa ile sauti yangu unayoijua. Ukachukua kofia yako ukatoka, na mlango ukaufunga taratibu. Ungeubamiza ningekufuata nje tukafokeana, yakaisha. Ulivyoufunga vile nilijua umeumia, na nilijua una haki ya kupewa sababu. Sababu ni ndefu na mdomoni ingenikwama. Ndiyo hii naandika. Nitakupa jioni uisome kabla hujalala, maana ina kazi yake kesho asubuhi.

Mdomo wangu unaufahamu. Hapa Shauri Moyo wote wanaufahamu. Mteja akiniletea kitambaa kibovu namwambia ni kibovu, hata kama amekinunua kwa mbwembwe. Pasta akirefusha mahubiri naangalia saa waziwazi. Nilikuwa najisifu kwamba mimi sifichi kitu, na kwamba anayetaka kubembelezwa aende kwa fundi mwingine. Wewe umenifuata katika hilo, na siku zote nimelifurahia. Sasa nikuambie ni wapi liliponifikisha, Krismasi iliyopita, siku niliyokwenda na mama yangu kununua vitu vya sikukuu.

Lakini kwanza uijue desturi yenyewe, kwa sababu wewe uliikuta mwishoni. Tulipokuwa wadogo kule Mwingi, Mwaitu, maana hivyo ndivyo namwita mama yangu tangu nijue kusema, alikuwa na siku yake moja ya Desemba. Kabla ya soko la mwisho la mwaka alitupanga uani, peku, mchangani. Alichomoa kijiti kwenye ufagio wa nje, akakilaza kando ya mguu wako kuanzia kisigino hadi kidole gumba, akaongeza upana wa kidole chake kimoja, halafu akakivunja. Hicho kidole alikuwa halali usingizi bila kukiongeza. Alisema mtoto hanunuliwi kiatu cha leo. Vijiti vyote alivifunga kwenye pindo la leso, akaenda sokoni kwa miguu bila sisi, na alipofika kwa muuza viatu alitumbukiza kijiti ndani ya kiatu. Kikilala bila kupinda, kiatu ni chako. Vijiti vyote vilifanana, lakini hakuwahi kukosea ni kipi cha nani.

Nilipoolewa huku Nairobi desturi haikufa, ilihama tu. Kila Desemba alishuka na basi, akiwa na kuku na ndengu, na kesho yake tukaenda soko la Gikomba yeye na mimi, vijiti vikiwa pindoni. Wewe mwenyewe ulivaa viatu vya kijiti mpaka ulipoanza ujuaji. Ulimwambia, "Susu, hii ni Nairobi, watu huenda kununua viatu na miguu yao!" Alicheka mpaka akajipangusa machozi, na hadithi hiyo aliisimulia kanisani kwao mwaka mzima.

Mambo yakabadilika, unajua. Akaacha sufuria motoni akatoka kumtafuta mbuzi ambaye alikuwa ameuzwa zamani za kale. Tukamleta akae nasi tena, kama miaka ile alipokaa hapa akikulea ukiwa mdogo. Mwanzoni ilikuwa jina moja hapa, jina moja pale, na sisi tulimtania na yeye alijitania. Krismasi iliyopita ilikuwa bado tunaweza kucheka.

Siku hiyo wewe ulikuwa kwenye kibarua chako Lucky Summer. Niliamka nikamkuta amevaa gauni la kanisa, kitambaa kichwani, mkoba mkononi, amekaa tayari pembeni mwa kitanda.

"Leo ni sokoni," akasema.

Desemba kwa fundi wa mapazia unaijua. Kila mama anataka sebule ing'ae kabla wageni hawajaingia, na kila mmoja anataka lake kesho. Nilikuwa na rundo la vitambaa mpaka juu ya kabati. Nikamwambia tutaenda wiki ijayo. Akasema sawa, akabaki amekaa vilevile na mkoba wake. Nikashona pazia moja, la pili, nikigeuka yupo. Nikazima mashine kwa hasira tukatoka.

Nataka ujue kwamba ilikuwa siku nzuri, mwanangu. Nimeisahau kama siku nzuri kwa sababu ya ilivyoisha, na leo nikiandika naona nimejidhulumu. Alinishika mkono njia nzima. Mimi ndiye niliyedhani nimemshika yeye, lakini kila tukifika penye matope alikuwa anabana vidole vyangu kama zamani, kunionya. Alisalimia kila kiumbe. Alimsalimia mwenye mkokoteni aliyekuwa akitufokea tumpishe, mpaka mwanamume wa watu akasimama akaitikia. Alisalimia sanamu la dukani lililovalishwa suti, na liliponyamaza akaniambia vijana wa siku hizi hawana adabu.

Na bei! Akili ya kupatana bei haikuwa imeguswa hata kidogo. Kuna kijana alimtajia bei ya leso, yeye akataja nusu.

"Shosho, hiyo ni bei ya ushago!"

"Na mimi nimetoka wapi, si kijijini?"

Watu walicheka, kijana akashindwa, akamfungia leso. Ni hiyo iliyomteleza begani sasa hivi. Tukanunua unga wa chapati, mafuta, majani ya chai, na binzari alizozinusa moja moja mpaka mwenye duka akachoka. Jua lilikuwa limepanda, mizigo ilinikata vidole, na kichwani nilikuwa nahesabu mapazia. Nikamwambia turudi.

"Bado viatu," akasema.

Kwa viatu mtu wetu alikuwa ni mmoja tu, Mzee Athumani wa Pumwani. Kwao hasa ni pwani, lakini amezaliwa na kuzeekea hapa hapa Eastlands. Huuza viatu vya watoto vya mitumba, anavisugua mpaka vinawaka, anavipanga juu ya turubai jozi kwa jozi. Amevijua vijiti vya Mwaitu miaka mingi. Alipotuona aliinuka.

"Shikamoo Mama. Mwaka huu umeniletea miguu mingapi?"

Mwaitu alifungua pindo la leso yake ya zamani. Kulikuwa na kijiti kimoja, kifupi.

Nikacheka. "Cha nani hicho?"

"Cha Kyalo."

"Kyalo gani, Mwaitu? Mguu wa Kyalo siku hizi unajaza karai!"

Athumani akacheka, anakujua. Mwaitu hakucheka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga, akasema, "Si Kyalo wako. Kyalo wangu. Mwaka jana nilimwambia asubiri, na amesubiri."

Umeambiwa kwamba umepewa jina la mjomba wako aliyekufa mdogo. Zaidi ya hapo sikukuambia, na hukuuliza. Alikuwa mdogo wangu, ananifuata. Mwaka mmoja mvua iligoma, na Mwaitu alirudi kutoka soko la Desemba na viatu vya sisi wakubwa tu. Kyalo aliambiwa, "Vyako ni Krismasi ijayo, mguu wako bado unakua." Hakulia. Alinifuata nyuma siku nzima akiangalia viatu vyangu. Aliniomba ajaribu kimoja tu, nikakataa, nikamwambia ana vumbi. Mvua iliporudi ilimkuta hayupo. Ilikuwa surua. Tulimzika peku.

Mwaitu hakulitaja jina lile tena mpaka ulipozaliwa wewe. Alikubeba, akaniomba nikuite Kyalo, na hiyo ni mara pekee maishani ambapo mimi sikubishana naye.

Basi fikiria mimi pale mbele ya turubai la Athumani, mizigo mkononi, na mama yangu ameshika kijiti cha mguu ambao haupo. Kilikuwa sawasawa kabisa, Kyalo. Sijui alikipima kwa kitu gani. Nadhani aliupima mguu kwa kumbukumbu ya kiganja chake, kwa jinsi kilivyoushika akiuosha. Nilitazama kile kijiti na nikaona mguu wenyewe, na vumbi lake.

Amekwisha kuinama anachagua. Anasema, "Hiki cheusi chenye kifungo. Anapenda vifungo."

Nikasema, "Mwaitu, Kyalo alikufa."

Akaendelea kuchagua. Nikasema tena, kwa sauti, kama unavyomwambia mtu asiyesikia vizuri. "Kyalo alikufa. Tulimzika. Unajua."

Akasimama. Uso wake, sitauelezea. Aliniuliza, "Lini?"

Nikaweka mizigo chini.

"Kyalo amekufa lini? Mbona hamkuniambia?"

Akakaa chini, pale pale matopeni, na gauni lake la kanisa. Akalia. Nilikuwa mtoto alipomlilia mara ya kwanza na nilidhani nimesahau sauti ile, lakini ilikuwa ile ile, haijazeeka. Wanawake wakaacha biashara zao wakaja. Mmoja akamfunika, mwingine akamshika kichwa. Walikuwa hawatujui.

"Kuna nini?"

"Amefiwa na mtoto."

"Woi, pole mama. Amekufa leo?"

Huyo wa mwisho aliniuliza mimi, akingoja. Mimi nisiyeficha kitu nilikosa la kusema. Nikisema zamani, wangeona mzee amepotewa na akili, wangerudi kwenye viatu vyao. Na kwake haikuwa zamani. Nilikuwa nimemfisha mtoto wake muda ule ule, kwa mdomo wangu, na yeye alikuwa amekuja kumnunulia viatu.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata baba yako. Sikumwambia Mwaitu ukweli kwa sababu naupenda ukweli. Nilimwambia ili anyamaze. Lile jina lilikuwa linanichoma, nilikuwa nimechoka, nina mapazia, na ukweli ndio ulikuwa fimbo ya karibu. Siku hiyo nilijiuliza ni mara ngapi nimewapiga watu nayo nikajiita mkweli. Wewe pia nimekupiga nayo. Siku uliposhindwa mtihani nilikuambia mbele ya watu kwamba hukusoma. Ilikuwa kweli. Hukula siku hiyo, na mimi nililala usingizi mzuri.

Tulirudi nyumbani mimi na mmoja wa wale wanawake, tumemshika huku na huku. Alilia njia nzima. Tulipofika kwenye bomba la maji hapo nje, akanyamaza. Akapangusa uso akashangaa mkono umelowa. Akaniuliza, "Tumetoka wapi? Mbona macho yananiwasha hivi?" Kyalo wake alikuwa ameshamtoka kichwani. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na ilitetemeka hivyo siku nyingi. Akakataa chakula. Hakujua ana huzuni ya nini, ila alikuwa nayo. Kumbe kichwa hukisahau kitu mwili ukabaki nacho.

Uliporudi kazini uliniuliza, "Susu ana nini?" Nikakuambia ni jua.

Unaona nilivyoyageuza mambo? Yeye aliyehitaji huruma nilimpa ukweli, na wewe uliyeweza kuubeba ukweli nilikupa uongo.

Mwaka mpya ulipoingia nilirudi kwa Athumani. Sikuwa nimelala vizuri. Aliponiona aliingiza mkono kwenye mkebe anakoweka brashi zake akatoa kile kijiti.

"Mama aliangusha kipimo," akasema. "Kipimo cha mtoto mimi situpi."

Nikanunua vile vyeusi vyenye kifungo. Kijiti kililala ndani bila kupinda. Nilitembea haraka kurudi nyumbani kama msichana anayepeleka habari njema, nimekwisha kuyapanga maneno yangu yote. Nikavitoa mbele yake.

Akavichukua, akavigeuza, akaangalia soli kama anavyoangalia siku zote. "Vizuri hivi. Vya nani?"

"Vya Kyalo, Mwaitu."

Akanitazama kwa adabu, ile adabu ya mtu ambaye hataki kumvunja moyo mgeni. "Kyalo ni nani?"

Nilikuwa nimechelewa. Haukuwa umepita hata mwezi, na nilikuwa nimechelewa. Viatu viko kwenye droo ya hii mashine, umewahi kuviona ukaniuliza, nikasema ni vya mteja.

Sasa soma polepole hapa. Siku ile alipouliza Kyalo ni nani, wewe ulikuwa bafuni unaimba kwa sauti. Alisikia, akaelekeza kidole huko, akauliza, "Na yule kijana?"

Nimekuficha hili mwaka mzima. Umewahi kulalamika kwamba siku hizi nakutangaza kama karani wa korti, "Kyalo ameamka! Kyalo anaingia! Mwaitu, Kyalo huyu hapa!" Ukasema, "Mathe, wacha kuniita, niko tu hapa." Sikuwa nakuita wewe. Nilikuwa namnong'oneza yeye. Anasikia jina, analishika, anakuita, "Kyalo, umekula?" na wewe unafurahi kwamba Susu angalau wewe hajakusahau. Nilikuwa naona uso wako nikashindwa kukwambia. Siku ambazo sikuwepo na akakuita "kijana", ulidhani anakutania.

Nisamehe. Wewe una meno ya kutafuna ukweli, ndiyo maana nakupa sasa, hata kama ni mchungu na ni mkesha wa safari. Mwaitu hana tena. Ukimpa unamkaba.

Kesho ukikaa chini umwelezee, naogopa mambo mawili, na sijui lipi litatokea. Labda atakutazama kwa ile adabu yake akuulize wewe ni nani, na utapanda ndege na swali hilo. Au labda kwa bahati mbaya ataelewa. Kuna asubuhi pazia linafunguka kidogo. Ataelewa kwamba Kyalo anaondoka, na kichwani mwake Kyalo akiondoka harudi. Atalia ukiwa tayari kwenye gari. Ukifika juu ya mawingu atakuwa amesahau analia nini, na mimi nitabaki nimeshika mikono inayotetemeka, na sitakuwa na la kumwambia.

Sitakudanganya kuhusu miaka miwili pia. Unaweza usimkute. Hata ukimkuta, anaweza kuwa amefika mbali zaidi ya huko uendako. Ninaiandika sentensi hii na yeye anakoroma hapa karibu, na moyo wangu unavunjika kwa ajili yenu wote wawili, kwa sababu najua nani alikuwa anakubeba mgongoni nikiwa nashona, na najua kwamba kesho wewe ndiye utakayeaga na yeye hatajua kwamba ameagwa. Ukitaka kulia, lia leo. Njoo nje kwenye kamba ya nguo, nitakuja tulie wote, nitasema tunaanua.

Nimeandika mpaka hapa nikainuka kumfunika, na nikaona kuna jambo moja zaidi ambalo lazima nikuambie.

Ulipotoka leo mchana baada ya ugomvi wetu, uliacha patipati zako za kuogea mlangoni. Mimi niliingia jikoni kumalizia hasira zangu kwenye vyombo. Nilipotoka nikamkuta ameinama, ufagio wa nje uko kando yake, anapima. Amelaza kijiti juu ya patipati yako, kutoka kisigino hadi mbele, ulimi umemtoka kidogo kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Huyu kijana anayelala hapa," akasema. "Ni mpole. Naona anafunga mizigo. Krismasi itamkutia wapi?"

"Mbali."

"Basi tumnunulie viatu." Akapima tena, akatikisa kichwa kwa ukubwa wa mguu. "Hana mama?"

"Anaye."

"Yuko wapi?"

Nilikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi, maji yanadondoka sakafuni. "Yuko karibu," nikasema.

"Basi mwambieni mama yake mtoto hatumwi mbali peku."

Akaweka kidole chake mbele ya kijiti, akaongeza upana wake, akavunja. Wewe, mwanamume mzima mwenye ndevu, ameongeza nafasi ya kukua.

Kijiti kiko kwenye pindo la hiyo leso niliyomfunika nayo. Kesho atakuwa amesahau kama amekwisha kupima, na ataona umesimama na mikoba, na ninamjua, atataka kupima upya. Gari lingoje. Weka mizigo chini, vua kiatu, vua na soksi, kaa mbele yake umpe mguu. Usimwambie unaenda wapi. Akikuuliza unataka rangi gani, chagua rangi. Na akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, mwambie ni wake.

Mama yako.